Mhehe Aliyelala Kaburini

Mimi nilikuwa balozi kabla nchi hii haijawa na balozi hata mmoja.

Msicheke. Tulia, funga mdomo, wewe ndiye uliyeyaanza haya. Huyu Tulia ni mjukuu wangu, ameajiriwa wizarani, na karibu wanampeleka ubalozini, kwenye nchi ambayo anasema ukimwaga maji nje yanaganda. Amekuja hapa Mikumi kuniaga, kaleta na wenzake wa kazini. Wamenipa shikamoo safi, nimeitikia marahaba, halafu wananiambia, "Babu, tupe neno moja la kuondokea." Neno moja! Mzee kama mimi hana neno moja. Vuteni viti, chai ipo kwenye chupa, na hizo simu zilazeni kifudifudi.

Enzi za Mwingereza, huku Kilosa kote, ukitoka Kimamba mpaka Rudewa, ilikuwa mkonge tu. Mkonge haukatwi na maneno, unakatwa na watu. Wenyeji wa hapa, Wasagara na Wakaguru, walikuwa na mashamba yao, hawakuona sababu ya kuchomwa miba kwa faida ya mtu mwingine. Basi wakaletwa watu wa mbali: Wangoni, Wahehe, Wabena, Wanyamwezi, hata watu wa Urundi. Tuliitwa manamba, maana ukifika unapewa namba, na jina lako umeliacha kwenye lori.

Kwetu Ungoni, Nkosi, ndivyo tunavyomwita mtawala wetu, aliona vijana wanaondoka hawarudi. Wengine wanakufa na habari inafika mwaka mwingine, na mzigo wa nguo haufiki kabisa. Mimi nilikuwa karani wa baraza lake, kijana wa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akaniita.

"Gama," akasema, "nenda Kilosa ukakae na watu wangu. Usiende kuwa bwana wao, mabwana wanao wa kutosha. Nenda uwe sikio langu."

Huo ndio ubalozi wangu. Watu waliniita mjumbe wa Wangoni. Mngoni akigombana, mimi. Posho ikiwa na wadudu, mimi kwa meneja. Mtoto akizaliwa, habari naipeleka kwetu. Mtu akifa, mimi nahakikisha kazikwa kama watu wa kwetu wanavyozikwa, siyo kufukiwa. Tulia ananiambia balozi akifika anakabidhi hati zake kwa rais wa nchi, mbele ya gwaride. Mimi nilikabidhi karatasi ya Nkosi kwa meneja wetu Mgiriki, naye alikuwa anakula papai. Aliisoma juu juu, akaifutia kisu.

Nilipata hasira, sikufichi. Lakini balozi mwenye hasira ya haraka arudi kwao akalime. Nilimwambia, "Asante, bwana," na nikaomba nyumba.

Sasa, kazi yenyewe sikuijua. Wiki za mwanzo nilimkuta Mnyamwezi mmoja na Msagara mmoja pale bombani wanatukanana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya Tulia. Huyu anamwambia mwenzake mtumwa, yule anajibu kwamba babu yake alimuuza huyu kwa kipande cha chumvi na bado alipata hasara. Nikasema hapa damu itamwagika. Nikaita baraza. Nikawakalisha, nikatoa hotuba nzito juu ya umoja, na nikawataka washikane mikono. Wale wawili wakatazamana, halafu wakaniangalia mimi kwa huruma, kama mnavyomwangalia mtu aliyevaa shati ndani nje.

Kumbe ni watani! Wanyamwezi walipita Usagara na misafara yao tangu zamani, utani wao ni mkongwe kuliko reli. Nilikuwa nimewapatanisha watu ambao hawakugombana. Wote wawili wakanitoza jogoo kwa kuwatia aibu, na wakamla pamoja huku wanatukanana.

Kwa hiyo la kwanza, andikeni kama mnaandika: ukifika ugenini, kabla hujajua nani anamchukia nani, jua nani anaruhusiwa kumtukana nani. La pili, ukitaka kujua kambi ina fujo, usingoje baraza. Nenda bombani asubuhi. Wanawake wakichota maji wanasukumana na kupigiana kelele, kambi ni nzima. Ukiona wanawake wa upande mmoja wamejitenga, wanajaza ndoo bila maneno, rudi nyumbani uvae viatu, kuna kazi. Na la tatu, usile kwa mtu siku unayoamua shauri lake. Mimi nilikula maharage ya mtu mmoja siku moja, na mpaka leo kuna ukoo kule Songea wanasema niliuza haki kwa maharage. Hata hayakuwa na chumvi.

Haya. Nataka kuwaambia habari za Kikoti.

Kikoti alikuwa Mhehe, mkata mkonge, mfupi, sauti yake inafika kambi ya pili. Wangoni na Wahehe ni watani, na utani wetu haukuanza kwa vicheko. Babu zetu na babu zao waliuana. Waliuana mpaka wakachoka, na walipoona hakuna atakayemmaliza mwenzake, wakasema basi, mikuki tuiweke, tubaki na midomo. Tutukanane, tunyang'anyane vitu vidogo vidogo, hakuna kushtakiana. Na siku mmoja akifa, adui yake wa zamani ndiye amzike. Ndugu hawezi kazi ya msiba, macho yamejaa. Mtani ndiye anachimba, anapika, anavaa nguo za marehemu na kuigiza alivyotembea, anamtukana maiti mpaka wafiwa wanacheka bila kupenda. Halafu anashuka kaburini, analala humo, anakataa kutoka mpaka apewe kitu. Akipewa, anatoka, na marehemu anaingia kwa amani.

Nilipofika tu, Kikoti alikuja kwangu, akamkamata kuku wangu mbele ya macho yangu. "Babu yako alikula ng'ombe wetu," akasema, "nimeanza kudai." Akaondoka naye. Baada ya muda mfupi akarudi, nikadhani ameona haya. Wapi! Alikuja kuomba chumvi ya kumpikia.

Nilimpa. Kwa desturi ningefanyaje? Toka siku hiyo tukawa watu wa kutembeleana. Mimi nikimwita mla mbwa, yeye ananiita mla panya, bila hivyo jioni haijakamilika.

Kambini kwetu alikuwepo kijana Mngoni, Nyoni, mpole, amekuja na mkewe Adelina. Wachache walikuja na wake, maisha yale hayakuwa ya mwanamke. Nyoni akashikwa na kichomi. Dresa wa shamba akampa vidonge alivyokuwa navyo, sisi tukapika uji, haikusaidia. Alikufa mchana, na Adelina alilia mpaka sauti ikakauka, akabaki anafungua mdomo tu. Ndugu yake hata mmoja hakuwepo. Kwao ni safari ya siku na siku.

Kesho yake asubuhi Kikoti na Wahehe wenzake wakachimba kaburi. Kikoti akavaa shati la marehemu, shati la kazi lile lililochanika na miba, akaanza kutembea kama Nyoni, pole pole, mabega yamelegea. "Mimi Nyoni," akasema, "nimekufa kwa uvivu. Nyapara aliniamsha, nikaona bora nife." Watu wakaguna. Akaenda mpaka kwa Adelina, akamwambia kwa Kingoni chake cha kuokoteza: "Mke wangu, usilie. Ulikuwa unanipikia ugali mbichi, lakini nimekusamehe." Na Adelina, jamani, aliyekuwa hana sauti, akacheka. Kicheko kidogo, kikamtoka pamoja na kamasi, na akavuta pumzi ndefu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Niliisikia ile pumzi.

Kikoti akashuka kaburini, akalala chali, akakunja mikono. "Sitoki! Nyie wala panya, nipeni kitu changu, la sivyo nazikwa mimi, na mtu wenu mtamkalia wenyewe!"

Hapo ndipo akatokea bwana mdogo. Huyu alikuwa msaidizi mpya wa meneja, kijana kutoka Ulaya, hata jua lilikuwa halijamzoea, ngozi inambanduka puani. Alipita kwa pikipiki akasikia kelele. Akaona nini? Akaona mlevi ndani ya shati la maiti, amelala kaburini, anamtukana marehemu mbele ya mjane. Akamwona Adelina anafuta macho. Yule kijana akaona uchungu, wallahi akaona uchungu kweli. Akaita askari wa shamba. Nilipaza sauti, "Bwana, ngoja, ni desturi!" lakini alikuwa hajajua Kiswahili cha kutosha hata kukataa. Walimvuta Kikoti kwa miguu na mikono. Akagonga mdomo kwenye jiwe la ukingoni, ukapasuka. Wakamtupa kwenye lori, wakampeleka polisi Kilosa.

Tukabaki na kaburi wazi na maiti juu ya ardhi.

Niliwageukia Wahehe wengine nikasema, "Mmoja ashuke, tumalize." Wakakataa. Mzee wao akaniambia, "Gama, mwenzetu amevutwa kama mwizi akiwa kwenye kazi ya kuzika. Kaburi lile bado ni lake. Hajapewa kitu chake. Nani ataingia?" Alikuwa na haki, na mimi nilijua. Wangoni wakasema mtu wetu hatumfukii kama mbegu ya muhindi, tunamngoja mtani wake. Wote wakakaa chini. Hakuna aliyekwenda kukata mkonge, na korona, ile mashine ya kuchuna majani, ikanyamaza. Mgiriki aliposikia kimya akajua jambo moja tu: mgomo. Akapiga simu boma.

Na jua la Rudewa mnalijua. Adelina alikuwa amekaa karibu na jeneza la mbao za maboksi, anawafukuza nzi kwa ncha ya kanga.

Nikachukua baiskeli. Njia nzima mpaka Kilosa naongea peke yangu, napanga maneno. Nilifika boma na vumbi mpaka kope. Bwana Disii, mkuu wa wilaya, alikuwa mtu mrefu, mtulivu, anasema Kiswahili cha kitabuni, kila neno amelivalisha viatu.

"Mtu huyu alivaa shati la marehemu?" akauliza.

"Ndiyo, bwana."

"Akamwita marehemu mvivu?"

"Ndiyo, bwana. Mvivu na mla panya."

"Akalala ndani ya kaburi lake?"

"Ndiyo, bwana."

"Nawe, mjumbe wa kabila la marehemu, umekuja kumshtaki."

"Hapana, bwana. Nimekuja kumchukua."

Akaweka kalamu chini. Nikaanza kueleza. Nilieleza vita, nikaeleza mikuki, nikaeleza midomo. Kadiri nilivyoeleza, Kikoti alizidi kuonekana mhalifu. Kwa ujinga wangu, ili nionyeshe jinsi tulivyo marafiki, nikamsimulia habari za yule kuku. Bwana Disii akachukua kalamu, akaandika. Nikachungulia. Aliandika: wizi.

Basi nikanyamaza. Tulia, hapa nisikilize vizuri, maana hili hawatakufundisha kwenye semina. Kuna mambo ukiyaeleza unayaua. Mkubwa anayetaka kuelewa, usimjaze maneno, mpeleke. Nikamwambia, "Bwana, mimi nimeshindwa kukueleza. Twende ukamuulize mjane. Kama yeye amekosewa, mfunge Kikoti, na mimi nitanyamaza. Lakini twende sasa hivi, maiti iko juani."

Akainuka kitini. "Meneja anasema ni mgomo," akasema. "Nikikuta ni mgomo, wewe utakuwa wa kwanza kufungwa."

"Sawa, bwana."

Nikatangulia mlangoni.

Tukapanda lori pamoja na askari wenye bunduki. Kikoti wakamtoa rumande na pingu mikononi, mdomo umevimba, bado amevaa shati la Nyoni. Akakaa mbele yangu kwenye ubao.

"Mngoni," akasema, "umechelewa. Ulikuwa unakula panya njiani?"

"Nilitaka wakuzoeshe chakula cha rumande. Naona hakina mbwa."

Askari wakatazamana. Halafu Kikoti akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Nyoni bado hajalala?"

"Bado."

Akatazama nje, mkonge unapita mistari kwa mistari. "Mwambie dereva aongeze mwendo," akasema. Mimi nilitazama upande mwingine, maana machozi ya balozi hayafai kuonwa na askari.

Tulipofika watu walikuwa wamekaa vile vile. Watu wengi mno, na hakuna sauti. Sikuwahi kuogopa kimya namna ile. Askari wakashuka wakajipanga. Mtoto mmoja angerusha jiwe, leo tungekuwa na hadithi nyingine. Mgiriki alikuwepo, anapangusa shingo. Bwana mdogo alikuwepo pia, amesimama karibu na Adelina, amemletea maji kwenye chupa yake mwenyewe. Niliwaambia, alikuwa na huruma.

Bwana Disii akamsogelea Adelina. Hakuwa akijua Kiswahili yule dada, alijua Kingoni tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri. Na hapa niwaambie siri ya ukalimani: nilitamani sana kuongeza. Nilikuwa na maneno mazuri tele niliyoyapanga kwenye baiskeli. Lakini mtu akiulizwa kwa ajili ya msiba wake, maneno ni yake. Nikatoa yaleyale, moja moja.

"Muulize," akasema Bwana Disii, "je, mtu huyu alikuudhi?"

Adelina akamwangalia Kikoti na zile pingu. Akasema, "Ningeudhika kama asingekuja."

Nikatafsiri. Bwana Disii akangoja.

"Hapa sina mama, sina dada," akaendelea. "Wote hawa wananionea huruma, na huruma yao inanilaza chini. Huyu peke yake alinichekesha. Nilikuwa nimeanza kupumua, ndipo wakamvuta. Mwambie Mzungu anirudishie mtu wangu, amzike mume wangu."

Nikatafsiri hilo nalo. Sikuongeza hata neno.

Bwana Disii akamgeukia bwana mdogo, wakasemezana Kizungu. Uso wa yule kijana ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Baadaye nilikuja kujua alisema, "Nilidhani namtetea." Na ni kweli, alidhani hivyo. Mimi sijawahi kumchukia kwa hilo. Wangapi tumewahi kumvuta mtu kwa kumhurumia?

Pingu zikafunguliwa. Kikoti akajinyoosha mikono, akatembea mpaka kaburini bila kumtazama mtu, akashuka, akalala chali, akakunja mikono vile vile.

Watu wakasogea ukingoni.

"Sasa nini?" akauliza Bwana Disii.

"Anangoja kitu chake, bwana. Hatoki bila kupewa."

"Nani hutoa?"

Kabla sijajibu, sauti ikapanda kutoka chini: "Aliyenivuta!"

Bwana Disii akamtafsiria bwana mdogo, naye akajipapasa mifukoni, hana kitu. Akatazama huku na huku. Halafu akavua kofia yake, ile kofia ngumu ya jua, akapiga goti ukingoni, akaishusha kwa mikono miwili. Kikoti akaipokea, akaigeuzageuza, akainusa. Akaivaa. Ikamshuka mpaka masikioni.

"Lo!" akapiga kelele. "Kumbe na hawa ni Wangoni! Ndiyo maana hawana adabu!"

Jamani, watu walicheka. Walicheka wale manamba wote, Wangoni, Wahehe, Wanyamwezi, mpaka askari wenye bunduki. Adelina alicheka huku analia, amejishika tumbo. Bwana Disii aligeuka akatazama mkonge kwa muda mrefu kidogo. Kikoti akatoka kaburini na kofia yake, katekista akasoma sala, na Nyoni akazikwa na watani wake kabla jua halijazama.

Msidhani yaliisha kwa ngoma. Boma nilishinda, ofisini kwa Mgiriki nikashindwa. Wiki ileile alimfukuza Kikoti. Siku ya kazi ilipotea, lazima mtu mmoja aondoke, na mtu huyo hakuwa bwana mdogo. Nilikwenda kumwombea, nikaenda tena, mara ya mwisho hakuniinulia hata macho. Huo nao ni ubalozi, wanangu. Kuna siku unarudi mikono mitupu, na unayerudi kwake anakungoja mlangoni, inabidi umwambie kwa mdomo wako. Kikoti alisema tu, "Mngoni ameshindwa tena. Tumezoea." Akafunga mzigo wake, akaweka kofia juu, akaja huku Mikumi ambako wenyeji walimkatia pori la kulima.

Adelina alirudi Ungoni, nilimsindikiza stesheni mimi mwenyewe. Mimi nilikaa mkongeni miaka mingine, mpaka mkonge ulipopoteza nguvu na kambi zikaanza kuota majani. Sikurudi kwetu. Nilikuja Mikumi nikajenga jirani na Kikoti, maana kule kwetu nani angeniibia kuku?

Leo nasikia Rudewa wakulima na wafugaji wanapigana juu ya ardhi, watu wanaumizana, na mnaniuliza wazee mlikuwa mnafanyaje. Sina jibu la kuwapa kwa urahisi. Utani haupandwi leo ukavunwa kesho, na wetu ulinunuliwa kwa damu nyingi. Ninachojua ni kwamba babu zetu hawakungoja kupendana kwanza. Walianza kwa kukubaliana nani atamzika nani. Mengine yakafuata.

Kikoti alikufa masika yaliyopita. Wewe Tulia ulikuwa mafunzoni, hukuona babu yako alivyojidhalilisha. Siku hizi msiba una kamati, una turubai, una kipaza sauti, una ratiba iliyopigwa chapa. Mimi nikaingoja zamu yangu kwenye ratiba, sikuiona. Walipofika kaburini, nikashuka mwenyewe. Kushuka kulikuwa rahisi, niliteleza. Nikalala chali.

"Kikoti, mla mbwa wewe!" nikapaza sauti. "Umekufa na jembe langu! Leo mbwa wote wa Mikumi wanafanya sherehe!"

Watu wazima wawili watatu wakacheka. Vijana wakashtuka. Kijana mmoja wa kamati, suti nyeusi, akainama ukingoni: "Shikamoo, mzee. Pole, mzee. Mchungaji anasubiri, muda umekwenda. Njoo tukusaidie." Wakashuka vijana wawili, wakanishika makwapani kwa upole kabisa. Walikuwa wananionea huruma. Walidhani uzee umenipanda kichwani kwa uchungu. Nikajishikilia kwenye udongo, nikasema sitoki, na sauti yangu haikuwa na nguvu tena, na nikaona kweli watanivuta.

Hapo nikasikia, "Mwacheni!"

Alikuwa Semeni, binti yake Kikoti, yule mama anayeuza vitunguu barabarani. Alipita katikati ya watu, amebeba kitu kwenye kanga. Akapiga goti ukingoni.

"Baba Gama," akasema, "baba aliniambia, akifa, yule Mngoni mjinga atashuka kaburini na atashindwa kupanda. Akasema nikupe hii, utoke."

Ilikuwa ile kofia. Kitambaa kimeisha, imebaki gamba lake, panya wamekula ukingo. Na bado akaniambia, "Amesema panya ni ndugu zako, usiwalaumu." Nilicheka humo ndani mpaka kifua kikauma, halafu nikalia, na sikujali nani ananiona. Semeni naye akacheka, na nikaisikia ile pumzi ndefu. Nikaivaa kofia, wakanivuta juu kwa kamba.

Sasa neno lenu la kuondokea ni hili. Kikoti ametangulia, na hapa hakuna Mhehe mwingine wa rika langu. Mtanizika kwa ratiba, nawajua. Lakini Tulia, siku utakayopigiwa simu huko kwenye maji ya kuganda, ukija, mtafute Mhehe. Yeyote, hata kijana wa bodaboda, hata kama hajawahi kunisikia. Mwambie kuna Mngoni amekufa, mvivu, mla panya, aje kumtukana. Atakumbuka, wazee wake watakuwa wamemwambia.

Kofia iko pale kwenye msumari, nyuma ya mlango. Akishuka kaburini, msimvute. Mpeni kofia, atatoka mwenyewe.